Haijakauka

Unga bado umo kitovuni mwake.
Ameoga jana jioni, akaoga tena alfajiri
kwa sabuni ya waridi tuliyompa,
lakini miaka arobaini ya tanuri, hapa Kutaisi,
haiondoki kwa maji ya siku moja.

Naufuata kwa kijiti cha pamba.
Nywele za tumbo nimezipunguza kwa mashine;
wembe siutaki, wembe huacha milango
ambayo jicho haliioni na kijidudu hakiikosi.

Mbona wanisugua kama maiti? aliuliza.
Nikamwambia: wewe hukandi unga kwa mikono michafu.
Akacheka. Kisha wakamlaza usingizi.

Sasa dawa. Kati kwanza, halafu nje,
nikienda sirudi.
Tumbo la mzee Nodari lang'aa
kama mkate uliopakwa yai.

"Lamara," asema daktari, mikono juu, glavu tayari, "tuanze."
Haijakauka.
"Lamara."
Haijakauka.

Dakika tatu. Hakuna anayezungumza.
Mtu wa nusukaputi anahesabu vigae.
Mng'ao wafifia ukingoni,
wafifia mbavuni, wang'ang'ania kidogo
pale kitovuni, palipokuwa na unga.

Nangoja hapo pia.

Karibu, daktari.