Kijiko Kikianguka

Ujumbe uliingia simuni jana yake, saa nane mchana,
kwa Kiarabu cha serikali, kikavu kama msasa:
wakazi wa Duqm na vitongoji vyake
wasisogee ufukweni, wala kusini mwa barabara,
tangu alfajiri hadi saa tano,
maana kuna kitu kitarushwa juu
na baadhi yake itarudi.

Baadhi yake itarudi.
Nililisoma neno hilo mara tatu,
kisha nikamsomea mama kwa Kiswahili.
Bi Shinuna akauliza, "Baadhi ipi?"

Sikuwa na jibu. Thuwaini alikuwa njiani na bauza lake,
galoni elfu tano za maji ya ngamia wa Waharasisi,
huko ambako simu hufa kabla hujamaliza salamu.

Alfajiri tukapanda juu ya paa.
Upepo wa Duqm haubishi hodi:
uliyavua mashuka kambani, ukaitia mchanga chai yetu.
Muzna, miaka tisa, kashika darubini ya plastiki.
Mama kaja na mfuniko wa sufuria kubwa,
ile ya biriani ya arusi,
kaujitwika kichwani kama anayevuka mvua.
"Nyumba yetu ya Wete ilikuwa ya bati," akasema.
"Nazi ikidondoka usiku, baba akitoka na panga,
lakini mnazi tulikuwa tunaujua, na mwenyewe tunamjua.
Hiki kinachorushwa, mwenyewe nani?"

Kwanza hapakuwa na sauti.
Nukta ya moto ilijichomoa nyuma ya vilima,
nyeupe, isiyopepesa,
ikapanda kama uzi unaovutwa kutoka kwenye pindo la nchi.
Ndipo mngurumo ukafika,
ukapita kwenye tangi la maji, ukapita kwenye meno yangu.
Paka wa jirani akajitupa chini ya gari.
Muzna akaruka kwa furaha.
Mimi nilikuwa nahesabu,

kama tunavyohesabu baina ya umeme na radi.
Sikuhesabu kinachopanda. Nilihesabu kinachoachwa:
ganda la kwanza, ganda la pili,
bolti isiyo na jina,
na chini ya bolti hiyo mwanamume mmoja
anakula tende kwa mkono wa kushoto,
ingawa nimemkataza,
kwa sababu wa kulia uko kwenye usukani.

Moshi ukapindwapindwa na upepo
mpaka ukawa mwandiko wa daktari.
Saa tano ikapita. Ikaja sita.
"Safari imefanikiwa," simu ikaandika,
haikusema nini kimeanguka wapi.

Bakhit, anayenunua maji yetu kule Jiddat,
ana jiwe jeusi kabatini, zito kuliko umbo lake.
Mama yake aliliokota akitafuta mbuzi.
Jangwa lile limekuwa likipokea mawe ya mbinguni
tangu kabla ya kuwapo majina,
wala halikuwahi kutumiwa ujumbe.
Nilijipoza kwa fikra hiyo
kama dakika kumi hivi. Kisha nikapiga simu tena.

Thuwaini alirudi magharibi,
vumbi mpaka kwenye kope,
na kipande cha bati chembamba, kimeungua ukingoni.
"Cha lori la barafu," akasema, "nimekikuta kando ya njia."
Muzna akasema cha roketi.
Mama akakigonga kwa ukucha, akasikiliza,
akakigonga tena,
akakirudisha bila kusema lolote,
akaenda kuufunika wali kwa mfuniko wake.

Kiko nyuma ya mlango mpaka leo.
Hatukibishanii tena. Lakini tangu siku ile
kijiko kikianguka jikoni,
sote wanne, bila kupanga,
tunatazama kwanza juu.