Hakunipiga

Wiki tatu nimetembea na bahasha ya kaki:
cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha Tunu,
kadi yake ya kliniki yenye doa la uji,
na barua ya baraza la usuluhishi la kata
inayosema, kwa muhuri wa zambarau,
kwamba tumeshindwa kupatana.
Kana kwamba tulihitaji muhuri.

Wa kwanza alikuwa Mtaa wa Lumumba,
tai nyekundu, simu tatu mezani.
Hakuuliza jina la mtoto.
Aliuliza nyumba ya Kinyerezi ina hati ya nani,
akapiga hesabu nyuma ya kadi ya mchango wa harusi
(ya harusi! nilicheka peke yangu kwenye ngazi),
akanitajia asilimia yake,
akaninong'oneza kwamba hakimu ni mtu wake.
Nikashuka.
Anayemnunua hakimu asubuhi
jioni ataniuza mimi.

Wa pili nilielekezwa na mwenzangu wa kikoba.
Mpole, sauti ya asali, maji ya chupa juu.
Nimefika katikati ya habari yangu
simu yake ikaita, akainuka nayo hadi dirishani,
nikasikia: "Ndiyo, shemeji. Yupo hapa hapa."
Nikakusanya karatasi zangu zote.
Hata kifuniko cha chupa sikukiacha.

Binamu yangu Mwasiti akaniambia, usitazame viatu.
Tazama ukutani, leseni ni ya mwaka huu?
Ukitoa hela, anaandika risiti bila kuombwa?
Na swali lake la kwanza, linamhusu nani?

Hivyo nikafika Temeke, ghorofa ya tatu,
juu ya mashine ya kusaga, ngazi zinanukia pumba.
Wakili Bupe Mwaisaka alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha.
Akafuta vidole, akasogeza sahani katikati yetu.
"Mtoto anaitwa nani? Akishtuka usiku anamwita nani?"

"Mimi," nikasema.
Kisha, kwa kuwa muhogo ulikuwa wa moto
na hakuna aliyenikimbiza:
"Akiumwa, mimi. Akiota vibaya, baba yake."

Hilo akaliandika.

Nilikuja na maneno yangu tayari,
nimeyafua, nimeyapiga pasi:
kwamba mlevi, kwamba mkono wake mwepesi.
"Alikupiga?"
Chini mashine inanguruma.
"Andika tu alinipiga. Si wote wanaandika?"

Akalaza kalamu.
"Waliopigwa ninao, mama. Majalada yao yale pale.
Nikikuazima kovu lao,
wao wataingia mahakamani na nini?"

Nilimchukia, dakika nzima nilimchukia.
Nikaishika bahasha. Nikaiachia.
Maana asiyekubali kusema uongo kwa ajili yangu
huyo ndiye hatanidanganya mimi.

Basi tukaandika yaliyokuwepo:
ada ya shule iliyoliwa na kamari ya mpira,
chumba alichopanga Mbagala na aliyempangia,
siku arobaini na moja tumelala kitanda kimoja
bila hata "pole".

"Nitampata mtoto?"
"Sijui. Hajafika miaka saba, hilo ni nguvu kwako.
Lakini hakimu atamtazama yeye, hatakutazama wewe.
Atakayekuahidi zaidi ya hapo, mkimbie."
Nimeshawakimbia wawili, nikamwambia.
Akacheka, akavuta kitabu cha risiti,
akaandika elfu hamsini kwa maneno na kwa tarakimu.

Usiku ule Tunu akashtuka.
Akalia, "Baba."
Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, simu mkononi,
saa nane na robo, mbwa wa jirani wanabweka,
mtoto ananitazama kama karani anayesubiri jibu.

Hakunipiga. Hata siku moja.
Nikampigia.