Kurudia Kosa

Saa tatu asubuhi, na bado ni usiku huku.
Januari. Ziwa limejifungia ndani ya barafu
na basi la shule limeteremsha watoto saba.
Saba tu, ndio darasa zima,
ndio, ukipenda, kesho yote ya lugha yetu
inayovua buti na kutafuta soksi yake moja.

Ninawasha tovuti. Tuliijenga wenyewe
kwa ruzuku ya miezi minane na kahawa isiyo idadi,
mimi na kijana mmoja kutoka Oulu
aliyeuliza, kwa adabu zote,
kama hizi herufi zenye kofia ni za lazima.
Nikamwambia: ukilivua neno kofia
kwenye baridi hii, litakufa.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Picha zinaelea,
sauti inataja jina, mtoto anabofya.
Akipata, picha inarukia kapuni.
Akikosa, sauti inarudia polepole,
kisha inaongeza: "Sikiliza tena, kipenzi."

Sauti ni ya Naska. Studio hatukuwa nayo;
tulimrekodi jikoni kwake, blanketi dirishani,
na hadi leo ukitega sikio kwenye "maji"
utasikia birika likianza kunong'ona nyuma yake,
na kwenye "mbwa", mbwa mwenyewe anaitika.
Kijana wa Oulu alitaka kuyafuta.
Nilikataa. Sababu ya kitaalamu sikuwa nayo.

Jioni hufungua jedwali la alama.
Sita kijani. Mmoja mwekundu kama pua yake: Vassi.
Vassi, anayenishtakia kila asubuhi,
kwa lugha yetu, bila kugugumia,
kwamba theluji imemwingia kwenye glavu.
Vassi, mjukuu, aliyekulia jikoni mle mle
mpaka Naska alipohamishiwa nyumba ya wazee,
kilomita mia tatu kusini,
ambako wauguzi ni wema na wanasema Kifini.

Amekosa "samaki". Mara kumi na nne.
Amekosa "maji". Amekosa "moto", "mkono", "mama".

Nikaandika daftarini: masikio? Apimwe.

Ijumaa nilisimama nyuma ya kiti chake
nikijifanya napanga kalamu.
Sauti ikasema, "Samaki."
Kidole kikaenda moja kwa moja kwa samaki,
kikasita,
kikahama taratibu, kama cha mdokoa sukari,
kikabofya buti.
"Sikiliza tena, kipenzi."
Akafumba macho. Akasikiliza.
Akabofya buti.

Husemwa kufanya kosa si kosa,
kosa ni kurudia kosa.
Aliyesema hakuwa na miaka saba,
wala bibi aliyebaki ndani ya kompyuta
pamoja na birika lake.

Masikio sikuyapeleka popote.
Nilimpigia kijana wa Oulu nikamwambia
tumejenga nyumba tukasahau mlango:
miezi minane, na hapana hata mmoja wetu
aliyewaza kwamba mtu anaweza kutaka
kulisikia neno mara ya pili
pasipo kwanza kushindwa.

Akaweka kitufe, kisikio kidogo cha njano.
Watoto wakakishambulia. Siku nzima mbwa alibweka,
"maji" ikachemka hadi mimi nikatamani chai.
Na Vassi akawa kijani, neno baada ya neno,
kwa kasi iliyomtia haya Aune, bingwa wetu.

Ila kitufe hurudia neno tu.
Hakisemi "kipenzi".

Kwa hiyo kila siku, swali la mwisho,
samaki yuko palepale, mkubwa, hana pa kujificha,
na Vassi anabofya buti.

Jedwali linasoma asilimia tisini na tano.
Mkaguzi akija ataniuliza
hizo tano zimepotelea wapi.
Nitamwambia ndiyo ada.