Nusu Kilo ya Nani

Alikuja saa nne, Mama Aikande wa Uru,
mvua ikiwa bado inachuruzika kwenye mabati ya Mbuyuni,
akaweka flashi juu ya kaunta
kama mtu anayeweka jino lililong'oka.
"Iko humu," alisema, "ila inatukatalia."

Kazi yangu ni fotokopi, leminesheni, picha za pasipoti,
barua za kazi za vijana wasiojibiwa.
Lakini mwezi haupiti bila mtu kuniletea kitu kilichofungwa
na mtu ambaye hayupo tena wa kumuuliza.

Nikamwomba barua. Sikumwomba kwa ubaya:
mlango wa marehemu nao ni mlango.
Akatoa karatasi ya mahakama ya mwanzo, muhuri wa zambarau,
msimamizi wa mirathi ya Ndelilio Makundi,
katibu wa ushirika wa kahawa, miaka kumi na tisa.

Faili moja tu. MIZANI.
Nikibofya, kisanduku cheupe kinasimama mbele
kama mlinzi wa benki aliyeshiba.

Tukajaribu mwaka wa kuzaliwa. Wapi.
Ndoa. Namba ya uanachama.
Jina la ng'ombe aliyekufa kwa kuvimba tumbo
("huyo alimpenda kuliko mimi," akacheka kidogo),
wapi.
Nikamwambia ipo programu ya kubahatisha,
inabisha usiku kucha, herufi kwa herufi,
yaweza kupata leo, yaweza kupata sote tumeshazikwa.
"Mkutano ni Jumamosi," akasema.
"Wanasema alikula."

Kisha akanyamaza, akatazama feni.
"Jioni akivua viatu alikuwa na neno lake. Kila msimu.
Hata hakuwa anasema na mimi.
Nusu kilo ya nani."

Niliandika bila nafasi, herufi ndogo zote.
Nukta kumi na nne, nyeusi, zimejipanga
kama buni zilizosahaulika kwenye kichanja.
Mlinzi akatupisha.

Majina. Msimu, kijiji, kilo zilizopimwa, kilo zilizoandikwa,
na katikati safu ndefu: nusu, nusu, nusu,
robo tatu, nusu.
Safu ya mwisho: aliyepokea.
Nilisoma haraka, halafu polepole,
halafu nikatamani umeme ukatike, kwani si hukatika kila siku?
Mstari wa mia mbili na sita:
*N. Makundi. Amepokea. Ada ya Aikande, kidato cha pili.*

Aliweka kidole pale. Kikaacha alama kwenye kioo.
"Chapa."

Haikuchapa. Kuna kufuli la kusoma na kufuli la kuchapa,
na hilo la pili ni jepesi, ukishakuwa ndani
unalifungua kama dirisha la jikoni.
Watu hudhani kuondoa nenosiri ni kuvunja.
Si kuvunja. Unafuta nukta zote, unaacha patupu,
unabonyeza Sawa,
na mashine inauliza: Una uhakika?

Nilimgeuzia kioo. Swali halikuwa langu.

"Ule mstari, mama," nikasema, "naweza kuu..."
"Uache ulipo. Yeye mwenyewe aliuacha."
Akabonyeza kwa kidole kile kile.

Nakala arobaini. Karatasi ziliisha katikati,
nikamtuma Wilfredi duka la pili, akachelewa kama kawaida yake.
Tulikaa. Hakulia. Aliuliza kama wino huo ukilowa unafutika,
nikasema haufutiki, nikiwa sina hakika.

Wakati wa kulipa nilimtajia bei ya chini.
Alitazama rundo, akatazama ubao wa bei ukutani,
akarudisha sarafu kwenye kaunta, moja moja.
"Usinipunguzie, mbe. Hesabu kamili."

Jioni nikafuta faili kwenye mashine yangu,
nikafuta na kwenye pipa.
Jirani wa nyanya alikuwa anafunga, mizani yake mkononi,
sahani moja imebonyea upande.
Miaka sita nanunua kwake.
Nikasimama pale muda, sina ninachonunua.