Tathmini Kutoka Mkomani

Saa nne usiku simu ya Muthengi ilinikuta darini,
hina mbichi mikononi, kidole gumba pekee kikiwa kisafi.
"Manowari mbili zimeelekezeana mizinga mlangoni mwa bahari.
Waziri anataka ukurasa mmoja kabla ya adhuhuri.
Nani atarudi nyuma?"

Niko likizoni, nikasema. Mdogo wangu anaolewa kesho.
"Ukurasa mmoja tu." Akakata.

Nikaiweka kompyuta juu ya gunia la mchele wa biriani
nikaandika kwa kidole gumba, kama nilivyofunzwa:
yaelekea,
haijathibitika,
upo uwezekano wa wastani.
Miaka kumi na tisa ya kazi imenifundisha
kwamba wastani ni mahali pa kujificha:
wakipigana, nilisema; wasipopigana, nilisema pia.
Neno hofu sikuliandika. Wizara haina fomu yake.

Asubuhi nilitumwa ndimu.
Katika ule ujia wa nyuma ya msikiti,
ambamo mtu mnene na mwavuli wake hawapiti pamoja,
punda wa Famau alikuwa amekutana na punda wa Lali.
Huyu kabeba mawe ya matumbawe, yule mitungi ya gesi.
"Simila!"
"Simila wewe! Ndia ni yangu!"
Famau ni wa Mkomani, Lali ni wa Langoni,
na hapo ndipo habari ya punda ilipokoma.

Nikasimama na kikapu changu, kwa mazoea ya kazi.
Famau alikuwa na wajomba wawili barazani,
kwa hiyo hakuweza kurudi.
Lali hakuwa na mtu,
kwa hiyo sauti yake ilikuwa kubwa zaidi.
Kila mmoja alimtazama mwenzake mara moja
na waliokuwa wakitazama, mara kumi.
Hilo halimo katika ripoti zetu.
Tunahesabu mizinga, hatuhesabu wajomba.

Punda wenyewe hawakuwa na neno.
Yule wa gesi alikuwa akimnusa mwenziwe shingoni.

Mjomba mmoja akakohoa: "Wapiganapo tembo wawili..."
Nikamwambia, baba, nakuomba.
Methali hiyo nimeitia katika hotuba thelathini
na hadi leo nyasi hazijapewa kiti mezani.

Ndipo Mwanatumu akafungua mlango wake wa nyuma,
mwiko mkononi, jasho puani:
"Mtieni mmoja uani kwangu, vitunguu vyangu vinaungua!"
Mmoja yupi?
Hapo tulimaliza nusu saa nyingine.
Mwishowe Lali akaingia, lakini kwanza akauliza kwa sauti,
wote wasikie, kama amekaribishwa.
"Umekaribishwa, mwanangu, umekaribishwa!"
Famau akapita, kifua mbele.
Lali akasema hakurudi nyuma, alialikwa.
Famau akasema ameshinda.
Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Mtungi mmoja ulikwangua pembe ya ukuta wa Mwanatumu,
chokaa ikamwagika, upana wa kiganja.
Hakuna aliyeitaja.
Niliinama nikaokota kipande, sijui kwa nini,
nikakitia kikapuni.

Nyumbani nikaufuta ukurasa wote.
Nikaandika: Hakuna atakayerudi nyuma. Mtafuteni mwenye ua.
Nikaisoma mara mbili. Nikaifuta.
Nikaandika: Inapendekezwa itafutwe nafasi kwa mwenyeji wa tatu,
itakayouwezesha upande mmoja kupisha
bila kuonekana umepisha.
Nikajiuliza bahari ile ina ua wa nani,
na nani huko anakaanga vitunguu,
na ukuta wake utalipwa na nani.
Hayo hayakuenea katika ukurasa mmoja.

Muthengi alijibu adhuhuri ikiadhiniwa:
"Nzuri. Uwezekano wa kufaulu?"

Nikatazama mikono. Hina ilikuwa imeshika vibaya,
ua la kiganja cha kulia limevurugika kwa kuandika.
Chini mama alikuwa akiita: ndimu ziko wapi?
Ndimu nilizisahau.

Wa wastani, nikaandika.