Si Saa Yake

Alikuja Agosti, upepo ukipepeta vumbi la Chamwino
kama mama mkwe asiyeridhika na unga.
Injinia wa visima, Bashiri Wani,
mtu wa Kashmiri, kwenye mikunjo ya Himalaya,
kakumbatia sanduku kama mtoto mwenye homa.
"Fundi Hezroni ni wewe?"
Ni mimi, nikasema, kama hudai deni.

Santuri, akaiita.
Nikacheka: santuri niijuayo
ni sahani nyeusi ya marehemu baba,
ilizunguka chini ya sindano mpaka ikachoka.
Hii ilikuwa sanduku la pembe zisizolingana, mti wa mforosadi,
nyuzi mia. Mia!
Nilizihesabu mara mbili,
mimi ambaye zeze la nyuzi nne
limenipa mke, ng'ombe wawili na maadui.

Kifua chake kilipasuka, ufa wa kuingia ukucha.
Kiangazi chetu hakijui mgeni.
Nikataja bei ya mgeni. Hakubisha.
Hapo ndipo nikaona haya, nikaipunguza nusu.

Siku tatu: nta ya nyuki, unga wa mninga,
kitambaa chenye maji, subira.
Nyuzi nane zilizokatika
nikazirithisha waya wa breki ya baiskeli.

"Ijaribu," nikamwambia. Saa saba mchana.
Akashika vijiti viwili vyenye ncha za kupinda,
kisha akavilaza.
Wimbo aujuao barabara ni mmoja, wa babu yake,
na ni wa alfajiri.
"Nani atajua? Kuku?"
Hakucheka.

Nikamkumbuka shangazi Foibe,
mwaka ule wageni walipotaka muheme
katikati ya masika, wairekodi warudi mjini kabla ya giza.
Wanawake wako shambani, mtama unafika kiunoni.
Akasema ngoma ya jando ina msimu wake,
akaigeuza yake kifudifudi, akaikalia.
Wageni waliondoka na picha ya bibi aliyekaa.

Basi injinia akalala kwangu,
kwenye ngozi ya ng'ombe, ubavuni mwa madumu.

Saa kumi na moja. Jogoo wa jirani bado anashauriana na nafsi yake.
Akaanza.
Sitasema ilikuwa kama maji. Kila mtu husema maji,
na sisi tunajua ndoo ni shilingi ngapi.
Ilikuwa mtama unaomwagwa kwenye ungo:
punje moja, punje tano, kisha konzi nzima,
halafu mtu anapepeta polepole
na makapi yanakwenda zake.
Kwao, alisema baadaye, saa hii
theluji huporomoka paani, ikaanguka uani, puu.
Theluji sijaiona. Puu naifahamu.

Kisha nikasikia mtu wa tatu.
Rafuni, ilimba yangu mpya, haijashikwa na mtu.
Vile vyuma vya juu ambavyo dole halivigusi kamwe,
vilivyowekwa pale viitikie tu,
vilikuwa vinaitikia.
Na utando wa buibui niliobandika jana juu ya tundu
ulitetemeka, ukanong'ona, naapa, kwa Kigogo.

Injinia akasimamisha vijiti.
Ilimba ikamalizia peke yake, kidogo.
Hatukutazamana.

Kulipopambazuka akalipa. Nikapokea,
mimi si malaika, na watoto wana ada.
"Na wewe," akauliza, "zeze utanipigia lini?"
Ninao wimbo, nikamwambia, ila ni wa mvua ya kwanza.
Njoo Desemba, kama mawingu yatakumbuka njia.

Akaandika kwenye daftari lake la visima,
baina ya kina cha Bahi na kina cha Manyoni.