Saa ya Sanduku

Lonah anasoma bei kwa simu tangu asubuhi:
gunia la viazi, elfu mbili na mia tisa.
Upande wa pili, Njabini, mtu anaguna, anakubali.
Saa nne Musembi anaingia kutoka Marikiti, tope viatuni:
Nani kawaambia mia tisa?
Leo ni tatu na mia nne. Nimeiandika mwenyewe kwenye ukurasa.

Nikaitwa mimi.

Zima, washa. Mia tisa.
Kompyuta ya mhasibu: mia tisa.
Nikatoa simu yangu, bando la shilingi ishirini,
ukurasa ukaja papo hapo: tatu na mia nne.
Basi ukweli uko nje. Kilichooza kimo humu,
kabatini, chini ya kalenda ya duka la mbolea.

Sanduku jeusi, taa tatu za kijani, feni inakohoa.
Tulilinunua lituwekee akiba:
ukurasa ukishaombwa mara moja, libaki na nakala,
lisiende tena mbali kuuleta.
Nikaliuliza, hii nakala ina umri gani?
Likajibu bila haya: sifuri.

Bei ya Jumanne. Leo Ijumaa.

Nikafagia ghala lake lote. Bei mpya ikaja, Lonah akapiga makofi.
Saa sita Musembi akaongeza hamsini, kunijaribu tu.
Hamsini haikuonekana.

Ndipo nikaliuliza swali anloulizwa aliyeanguka akazirai:
leo ni lini?
Likasema: mosi Januari, elfu mbili na kumi.

Sisi tumezoea kubeba saa mbili,
mdomoni saba, mkononi mshale uko kwenye moja,
tunatoa sita bila kuhesabu na hatukosani.
Hili lilikuwa na ya tatu.
Jumanne usiku stima ilipotea Ngara nzima,
na betri yake ndogo, ya ukubwa wa sarafu,
ilikuwa imekufa kitambo, kimya.
Stima iliporudi liliamka nyuma sana,
likazitazama nakala, kila moja na tarehe yake ya kutupwa,
likatazama saa yake, likasema: bado.
Halikudanganya. Kwake kesho ilikuwa mbali,
na viazi ni mia tisa.

Nikateremka Luthuli kwa fundi wa saa za mkono.
Betri, shilingi mia. Ya saa gani? Ya sanduku.
Hakucheka.

Saa tisa mambo yakanyooka.
Ukurasa wa kwanza ulisitasita, kama mtu anayetafuta funguo,
halafu ukaja, na hamsini yake.

Lonah safari hii hakupiga makofi.
Ana daftari, anahesabu waliouliza tangu Jumatano:
kumi na saba.
Wairuri peke yake magunia arobaini, lori limeshaondoka.
Nani atawapigia? anauliza.

Simu iko mezani, katikati yetu.
Musembi ameinama, anakwangua tope.